Bahari Saa Nne Asubuhi, Kiomboi

Mtu apataye wasaa wa kukaa nusu saa katika stendi ya Kiomboi, magari ya Singida yakipakia upande mmoja na bodaboda zikigombea abiria upande wa pili, hatakosa kumwona mama aliyesimama kando ya gunia lake la vitunguu, mkono ameunyosha mbele ya uso kama ashikaye kioo, anacheka, anauliza, anakaripia, kisha anaigeuza simu ili mwanawe aliyeko Dar es Salaam alione gunia lenyewe na wingu lililotanda juu ya vilima vya Iramba. Harusi huhudhuriwa hivyo na ndugu waliokosa nauli. Mgonjwa hujuliwa hali hivyo. Na hata msibani, jambo ambalo wazee wetu wangalilitilia shaka, huonekana mkono mmoja ulioinuliwa juu ya vichwa vya watu ili aliye ghaibu aone kaburi la mzazi wake likifukiwa. Simu ya video imekwisha kuwa mwenyeji hapa, na kama alivyo mwenyeji yeyote, hakuna amtazamaye mara mbili.

Mahali ilipokawia kuingia ni darasani. Mwalimu wa Jiografia, akiwa si mbali na stendi hiyo, hufundisha kupwa na kujaa kwa maji kwa vipande viwili vya chaki: duara kubwa ni dunia, duara dogo ni mwezi, na mstari uliovimba pande mbili za duara kubwa ndiyo bahari yenyewe. Wanafunzi hunakili kwa adabu. Wengi wao hawajapata kuiona bahari hata siku moja, kwa kuwa kutoka Kiomboi hadi pwani ya mashariki ya Unguja ni zaidi ya kilomita 600 kwa njia aipitayo ndege, na nauli ya basi na ya boti si kitu cha kumwomba mzazi kwa ajili ya swali moja la mtihani. Kwa hiyo bahari hubaki kuwa uvimbe wa chaki, na mwanafunzi huyajua maji yanayojaa na kupwa kwa namna ile ile ambayo huzijua pembe za nyuzi 90: kwa kuambiwa.

Hoja yangu ni kwamba chombo kilichomo mkononi mwa mama wa vitunguu kinaweza kuileta bahari hiyo mbele ya ubao, na kwamba darasa la kwanza ambalo Kiomboi ingefaa kulipigia simu haliko Ulaya wala Marekani, kama watu wengi wadhaniavyo wasikiapo habari hizi, bali liko Jambiani au Paje, katika pwani hiyo hiyo ya Unguja, miongoni mwa watoto wasemao Kiswahili, ambao wana haja ya kuelezwa habari za Iramba kwa kadiri ile ile ambayo sisi tuna haja ya kuelezwa habari za bahari.

Vyombo si tatizo kubwa kama lilivyokuwa. Makarani wa Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022, iliyotupa hesabu ya watu 61,741,120 katika nchi nzima, waliifanya kazi yao kwa vishikwambi, na kazi ilipokwisha Serikali iliamua vishikwambi hivyo wagawiwe walimu. Basi kifaa kilichopita mlango kwa mlango kuuliza idadi ya watoto na aina ya choo kimo sasa mikononi mwa wafundishao watoto wale wale. Njia ya mawasiliano nayo imebadilika. Kebo ya SEACOM ilifika Dar es Salaam kupitia chini ya bahari mwezi Julai 2009, na katika mwaka huo huo Mkongo wa Taifa ulikuwa unaanza kutandazwa kuelekea mikoani. Kabla ya hapo tuliitegemea setilaiti iliyoko kilomita 36,000 juu ya ikweta, ambako neno la mtu lilipaswa kupanda na kushuka, robo ya sekunde kwenda na robo nyingine kwa jibu kurudi, hata wazungumzao wakawa wanakanyagana maneno kama watu wawili wanaopishana mlangoni. Aliyepata kupiga simu ya ng'ambo katika miaka ile ataikumbuka adha hiyo.

Wala fikira ya kufundishwa na mtu asiyekuwapo si ngeni katika nchi hii. Mwaka 1973 palikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya, ambayo watu wapatao milioni 2 walijiandikisha katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na kitabu chake, wakawa wanakusanyika kuisikiliza redio, kisha wanaizima na kujadiliana, kisha wanainuka na kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Naomba msomaji aitazame vema taratibu hiyo, kwa maana ndani yake mna siri ambayo wauzaji wa vyombo vya kisasa hawaitaji: nguvu ya kampeni ile ilikuwa katika yale majadiliano baada ya redio kuzimwa, na katika jembe lililofuata. Sauti ya mbali ilikuwa cheche tu. Kuni zilikuwa za wenyeji.

Simu yenye picha nayo ni kongwe kuliko tudhanivyo. Mwezi Machi 1936 Posta ya Ujerumani ilifungua baina ya Berlin na Leipzig huduma ya simu ambayo mtu aliingia katika kibanda, akaketi, akamwona amwambiaye. Vita vikaja, na mwaka 1940 ikafungwa. Nalitaja hili kwa sababu ya Leipzig. Ni kutoka chama cha misheni cha mji huo ndiko walikotoka wamisionari wa Kilutheri waliofika Iramba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na kila barua yao kwenda kwao ilisafiri kwa wapagazi, kisha kwa reli, kisha kwa meli. Kizazi kimoja tu baadaye mji ule ule ukawa miongoni mwa miji miwili ya kwanza duniani ambayo watu wake waliweza kusema na kuonana. Kiomboi ilingoja miaka 80 zaidi, lakini ilipopata, ilipata bila ya kibanda.

Mfano mashuhuri wa simu hizi katika elimu ya Afrika Mashariki uko Kakuma, katika Turkana ya Kenya, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992 na ambayo leo imejaa Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongo, Warundi na wengineo, hata Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha za sokoni mwake. Mwaka 2015 mwalimu mmoja wa Ubelgiji, Koen Timmers, alitaka kuwafundisha watoto wa kambi hiyo akiwa kwake. Akakuta kwamba hawana kompyuta. Akatuma yake mwenyewe. Kutoka kompyuta ile moja kazi ilikua, umeme wa jua ukafungwa, na walimu wa mabara mbalimbali wakajiunga kufundisha kwa zamu masomo ya hesabu, Kiingereza na sayansi, bila ya ujira, kila mmoja akiwa chumbani mwake na wanafunzi wakiwa katika jua la Turkana. Mwaka 2018 Timmers aliingia katika kundi la walimu 10 wa mwisho walioshindania Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani. Ni kazi adhimu, na mwenye insafu hataibeza, kwa sababu mtoto wa kambini ni mtu ambaye dunia imemfungia milango mingi, na hapo alifunguliwa dirisha.

Lakini dirisha la Kakuma, kwa jinsi lilivyoanza, lilipitisha mwanga kutoka upande mmoja. Mwalimu yuko kule, mwanafunzi yuko huku. Elimu inatoka kule, shukrani zinatoka huku. Kwa mkimbizi aliyekosa mwalimu hilo lina udhuru wake. Kwa Kiomboi, yenye walimu wake, na wilaya iliyo na chuo chake cha ualimu pale Kinampanda, sioni kwa nini tujiweke katika hali ya mpokeaji.

Mwaka 2009 profesa Sugata Mitra wa Chuo Kikuu cha Newcastle aliwaomba Waingereza waliokuwa na nafasi, wengi wao wastaafu, wawapigie simu za video watoto wa India mara kwa mara. Hakuwataka wafundishe. Aliwataka wafanye afanyavyo bibi: wasimame nyuma ya mtoto, wastaajabie alichokifanya, wamuulize amekijuaje, wamwombe awaonyeshe tena. Watu wakauita mpango ule kwa jina la mabibi. Sisi tuliolelewa na bibi zetu tunaijua ilimu hiyo bila ya kuandikiwa tasnifu, na ninadhani profesa aligusa jambo la kweli, kwamba mtoto hujifunza sana anapokuwa na mtu wa kumwonyesha. Ukilipindua kidogo jambo hilo utapata hili nisemalo: darasa hujifunza zaidi siku ambayo lina darasa jingine la kulionyesha kitu.

Iko sababu nyingine ya kuitazama Mashariki ya nchi yetu kabla ya Magharibi ya dunia, nayo ni saa. Saa nne asubuhi ya Kiomboi ni saa saba au saa nane usiku katika jimbo la Minnesota, kutegemea majira, na hakuna mtoto wa Minnesota atakayekuwa darasani wakati huo. Ubelgiji na Ujerumani zina nafuu, kwani ziko nyuma yetu kwa saa moja au mbili. Oman, ambako wako wazee wengi wasemao Kiswahili cha Unguja ya zamani, iko mbele yetu kwa saa moja tu, na ningefurahi siku moja kuona darasa la Historia likizungumza na mmoja wao. Tena hata mtu akiipata saa, ataipoteza katika kuitamka: mgeni akiambiwa kwa Kiswahili "saa nne" huandika nne ya kwake, nasi huku tumekwisha kukunja viti yeye akiwa ndiyo kwanza anawasha kompyuta. Nimepata kukosa miadi kwa njia hiyo, na kosa lilikuwa langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeijua hitilafu iliyopo kati ya saa zetu na zao.

Na iko sababu ya tatu, ambayo naitaja kwa kusitasita. Simu nyingi za mbali, zikipigwa kwa nia njema kabisa, huishia watoto kupangwa mstari na kuimbishwa. Wafadhili hupunga mikono, watoto hupunga mikono, mtu mmoja husema "asante sana" kwa lafudhi ya kuchekesha, muda umekwisha. Hakuna aliyeuliza swali ambalo jibu lake hakulijua. Jamala ina mahali pake, lakini dakika 20 za somo zikila jamala tupu, mwanafunzi ametoka alivyoingia.

Sasa na tulipange somo lenyewe, tuone kama linasimama.

Watu wa pwani ya Unguja wana maneno mawili ambayo mwanafunzi wa Kiomboi, aliyejifunza Kiswahili baada ya Kinyiramba, huenda hajapata kuyasikia: bamvua na maji mafu. Bamvua ni siku zile ambazo maji hujaa mno na kupwa mno, nazo huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji mafu huja katikati ya hizo, mwezi ukiwa nusu, ambapo bahari hupanda kidogo na kushuka kidogo kama mtu apumuaye usingizini. Katika siku za bamvua, pwani ya Unguja, maji hufika ukomo wa kupwa karibu na saa nne au saa tano asubuhi. Hilo ni bahati kubwa kwa mwenye kupanga ratiba ya shule, kana kwamba bahari yenyewe imeisoma. Saa hiyo Jambiani mchanga huwa wazi hadi mbali, ngalawa zimelala ubavu, na wanawake wako ndani ya mashamba ya mwani, zao lililoanza kulimwa pale mwishoni mwa miaka ya 1980, wakifunga vipande vya mwani katika kamba zilizonyoshwa baina ya vijiti vilivyochomekwa mchangani.

Mwalimu wa Jambiani atoke na wanafunzi wake saa nne, simu mkononi, wasimame mahali penye kitu kisichohama, tuseme kijiti fulani cha mwani au jiwe kubwa, waseme: hapa ndipo tuliposimama, na maji yale pale mbali. Kiomboi wataona mchanga mkavu na kusikia upepo. Watauliza maswali yao. Kisha wapige tena baada ya wiki moja, saa ile ile, mahali pale pale. Safari hii kijiti hakionekani. Maji yamekifunika, na mwalimu amelazimika kurudi nyuma hadi ufukweni. Nina hakika hata mwanafunzi asinziaye nyuma atauliza, "Mwalimu, yametoka wapi?"

Jibu lake ni hesabu ambayo Kiomboi yaweza kuifanya bila ya bahari. Wakati wa kupwa huchelewa kila siku kwa dakika zipatazo 50. Zidisha kwa siku 7, upate dakika 350, ambazo ni karibu saa sita kamili. Na kwa kuwa kutoka kupwa hadi kujaa ni zaidi kidogo ya saa sita, basi saa ambayo wiki iliyopita ilikuwa ya kupwa sasa ni ya kujaa. Huchelewa kwa nini? Kwa sababu mwezi nao huchelewa kuchomoza kila siku kwa kadiri iyo hiyo. Na mwezi, tofauti na bahari, hauhitaji nauli: ndio ule ule unaochomoza Jambiani na unaochomoza juu ya Iramba. Wanafunzi wa Kiomboi watoke nje kila siku mwezi uonekanapo, wachore umbo lake daftarini, waandike saa walipouona. Baada ya mwezi mmoja watakuwa na daftari ambalo kwalo wanaweza kuitabiri bahari wasiyopata kuikanyaga.

Mazungumzo hayo yafanywe kwa Kiswahili. Najua kwamba Jiografia ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, Bara na Visiwani, na kwamba mtihani wa kidato cha nne, ambao pande zote mbili za Muungano huufanya kupitia Baraza la Mitihani la Tanzania, hautauliza bamvua ni nini. Hata hivyo, mtoto aliyekwisha kuielewa bamvua kwa lugha aiwezayo atalipata jina lake la Kiingereza kwa dakika mbili, ilhali aliyekariri jina la Kiingereza bila ya kitu chenyewe aweza kulibeba miaka minne asijue amebeba nini.

Upande wa Kiomboi hautakuja mikono mitupu. Mtoto wa pwani ana itikadi moja ambayo hakuna aliyepata kuitikisa: kwamba kila mto mwisho wake ni baharini. Na mtu amwonyeshe Ziwa Kitangiri. Maji ya mbuga za Wembere huingia Kitangiri, yakatoka kwa Mto Sibiti, yakaenda hadi Ziwa Eyasi, na huko yakakoma. Hayaendi popote. Jua ndilo linaloyanywa, na chumvi iliyosafiri nayo hubaki nyuma mwaka hata mwaka. Sehemu kubwa ya maji ya Iramba hayatapata kuiona bahari kama vile wengi wa watoto wake hawajaiona, na ofisi ya bonde hilo lisilo na njia ya kutokea, Bodi ya Maji Bonde la Kati, iko Singida mjini. Nani ajuaye vizuri zaidi chumvi hubakije maji yakikauka kuliko mtoto wa Jambiani, ambaye ameiona ikiganda juu ya mawe? Hapo madarasa mawili yatakuwa yamekutana katika swali moja, kwa nini bahari ina chumvi na Eyasi ina chumvi, kila moja likiwa na nusu ya jibu. Wahenga waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwa wakiwazia mtandao, lakini mwenyeji hapo amepona kwa hakika, maana aghalabu hatulisomi ziwa la kwetu mpaka aje mtu wa kulishangaa.

Kitangiri haliko nyuma ya darasa, na huenda mnara usishike vizuri ufukweni. Basi mwalimu au mwanafunzi anayetoka huko achukue picha kabla, zipelekwe siku moja mbele, na simu yenyewe iwe ya kuzizungumza. Tena yako mambo mengine ya kuonyesha: alizeti inavyokamuliwa, mafuta yakashuka upande huu na mashudu yakatoka upande ule; au Sekenke, ambako Wajerumani walichimba dhahabu, na ambako mwaka 1916, vita vikiwa vimewafungia njia za bahari, walipata dhahabu ya kupigia sarafu za rupia 15 pale Tabora, zenye picha ya tembo. Watu wengi huujua mlima wa Sekenke kwa malori tu.

Ama kuhusu ufundi wenyewe, nitasema machache ambayo hujifunzwa kwa hasara. Sauti ni bora kuliko picha. Darasa huvumilia picha iliyokwama, lakini sauti ikikatika watoto 50 huanza kuzungumza wao kwa wao, na hapo somo limekwisha. Kwa hiyo fedha ya kwanza inunue spika, ya pili ikodishe projekta. Mvua nayo ina neno lake: Singida ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, na mvua ikipiga juu ya bati hakuna spika itakayoishinda, kwa hiyo somo la bahari lipangwe kiangazi. Wanafunzi wasikalishwe na madirisha nyuma yao, la sivyo wale wa upande wa pili wataona vivuli vyeusi visivyo na nyuso; waugeukie mwanga. Maswali yaandikwe siku moja kabla, yachujwe, na kila swali liwe na mwenyewe, kwa jina, ajue zamu yake ni ya ngapi. Umeme ukikatika, kama ukatikavyo, kishikwambi kina betri yake. Mtandao ukisumbua, picha izimwe wabaki na sauti. Ukifa kabisa, maswali yatumwe kwa ujumbe wa sauti na majibu yaje jioni. Somo likipona hata katika hali hiyo ya mwisho, lilikuwa somo. Likifa pamoja na mtandao, lilikuwa senema.

Gharama nayo hukuzwa kuliko ilivyo. Picha ya wastani huhitaji mtandao wa megabiti moja hivi kwa sekunde, ambayo kwa saa nzima ni megabaiti 450 kwa kila upande wa mazungumzo. Kwa dakika 20 ni 150 za kwenda na 150 za kurudi. Hiyo ni sehemu ya bando ambalo kijana mmoja hulimaliza kwa video za mpira siku ya Jumapili. Sauti peke yake haili hata sehemu ya kumi yake. Wala tusifungwe na programu moja: Skype, iliyobeba Kakuma na mabibi wa Newcastle, ilianza mwaka 2003 na ikafungwa mwezi Mei 2025, na walimu waliokuwa wamejifunza vifungo vyake badala ya kujifunza kupanga mazungumzo walibaki yatima. WhatsApp, iliyopata simu za video mwaka 2016, inatosha, kwa sababu mama wa vitunguu anaijua.

Peter Tabichi wa Kenya, aliyeshinda tuzo ile ya walimu mwaka 2019, alifundisha katika shule ya sekondari ya Keriko yenye kompyuta moja na mtandao dhaifu, naye alikuwa akienda mjini kwenye vibanda vya intaneti kupakua vitu vya kufundishia, kisha kuvileta darasani vitumike bila ya mtandao. Nalikumbuka hili kila nisikiapo mtu akisema tungoje mpaka kila shule iwe na maabara ya kompyuta.

Liko jambo ambalo sharti lisemwe kwa ukali kidogo. Uso wa mtoto si mapambo ya ukurasa wa mtu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zipo, na hata zisingekuwapo, murua wetu ungetosha: wazazi waarifiwe na watoe idhini kwa maandishi, mwalimu asitoke chumbani wakati simu iko hewani, namba za wanafunzi zisipelekwe kwa mtu, na mazungumzo yasirekodiwe ila pande zote mbili zimekubali na zimekubaliana yatakaa wapi. Wanafunzi wetu hawaruhusiwi simu shuleni, na mimi si katika wanaotaka waruhusiwe. Somo hili halihitaji zaidi ya kifaa kimoja, cha mwalimu, kilichowekwa mbele ya wote.

Atatokea msomaji wa kuuliza kama haya yote yatampandishia mtoto alama. Sijui jibu la jumla, nami namwogopa ajuaye. Tulipofunga shule tarehe 17 Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na kuzifungua zote tarehe 29 Juni, na wenzetu wa Uganda walipokaa hadi tarehe 10 Januari 2022 ndipo wakazifungua kikamilifu, kila mmoja aliona kwamba skrini haiwezi kuwa mwalimu wa mtoto asiye na skrini. Simu ya darasa ni kitu kingine, kidogo zaidi: mara mbili kwa muhula, dakika 20, mwalimu akiwapo, chaki ikiwapo. Mwalimu mwenye mitaala ya kumaliza na madaftari ya kusahihisha akiniambia hana nafasi ya mara mbili, sitamlaumu, namwomba moja.

Hiyo moja ningeiweka siku ya bamvua, mwezi ukiwa mpevu. Usiku wa kuamkia siku hiyo wanafunzi wautazame mwezi kwa mara ya mwisho, warudi na madaftari yao, na asubuhi, kabla ya kengele ya saa nne, mmoja wao aende ubaoni aandike kwa mkono wake walichokubaliana: kijiti kitaonekana, au hakitaonekana. Wengine watabishana, maana daima yuko aliyekosea kuzidisha dakika 50. Mwalimu asiseme neno. Apige namba ya Jambiani, aiweke simu juu ya meza, na wote wangoje ipokelewe.